PIKAPU KUUKUU: TUINUNUE AU TUIACHE?

Yuko adui mmoja ambaye askari hafundishwi habari zake katika uwanja wa gwaride. Adui huyo hana bunduki wala bendera. Huja amepakwa rangi mpya, magurudumu yake yameng'arishwa, na kwenye kioo chake pamebandikwa karatasi yenye bei. Huwavamia askari na polisi katika saa ambayo ulinzi wao ni dhaifu kabisa, yaani siku ile fedha za kiinua mgongo zinapoingia benki, au siku ile wanaporejea nyumbani kutoka kazi ya kulinda amani ugenini, wakiwa na akiba mkononi. Adui huyo ni motokaa iliyokwisha kutumiwa na wengine, na hasa ile tunayoiita pikapu.

Si nia yetu kuwatia hofu wasomaji wetu. Pikapu ni chombo chenye manufaa makubwa katika nchi ya wakulima na wafugaji kama Uganda yetu. Huchukua ndizi, maziwa, mbolea, saruji na mabati. Hupita katika njia ambazo motokaa ndogo haziwezi kupita. Tangu mwaka 2007, wanajeshi wetu walipoanza kwenda Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, wengi wamerudi na akiba ambayo baba zao hawakuipata, na wengi miongoni mwao wameiweka akiba hiyo katika motokaa. Wapo waliofanikiwa. Wapo pia ambao leo pikapu zao zimesimama juu ya mawe nyuma ya nyumba, kuku wakitaga ndani yake. Tofauti ya hao wawili si bahati. Ni hesabu.

KISA CHA SAJINI

Sajini mmoja ambaye tumehudumu pamoja naye kwa miaka kadhaa alitujia ofisini akiwa amebakiza miezi michache kustaafu. Mkewe analima mananasi huko Luweero, na kila wiki hukodi gari la kupeleka mzigo katika soko la Kalerwe mjini Kampala. Sajini alikuwa ameona pikapu nyeupe aina ya Toyota Hilux, iliyotengenezwa katika miaka ya 1990, ikiuzwa kwa shilingi milioni 18. Muuzaji alimwambia kwamba yupo mteja mwingine ambaye angefika Jumatatu na fedha taslimu.

"Afande," alituambia, "nimekwisha kuwaambia mke wangu na wakwe zangu. Kuna mbuzi amekwisha kufungwa kwa ajili ya siku hiyo. Nataka tu uniandikie barua nipate mkopo wa kujazia kabla fedha zangu hazijatoka."

Tulimwuliza maswali matatu: Gari hilo litafanya safari ngapi kwa mwezi? Nani ameitazama injini yake? Na baada ya kulipa hizo milioni 18, utabakiwa na kiasi gani? La kwanza alilijibu kwa kukadiria, la pili alilijibu kwa kunyamaza, na la tatu alilijibu kwa kucheka. Hapo tulifahamu kwamba barua isingekuwa msaada. Tukamwomba atupe Jumamosi moja.

SIFA ZILIZOTOKA VITANI

Inafaa kwanza tujiulize kwa nini mtu wa jeshi anaipenda sana pikapu. Hilux ya kwanza ilitoka kiwandani nchini Japani mwaka 1968, na tangu hapo jina lake limeenea katika bara letu lote. Lakini kwa askari sifa kubwa zaidi ilitoka katika vita vya nchi ya Chad. Mwezi wa Januari 1987, huko Fada, majeshi ya Chad yaliyopanda pikapu za Toyota zenye makombora ya kuvunjia vifaru yaliyapiga majeshi ya Libya yaliyokuwa na vifaru na ndege. Mwezi wa Machi mwaka huo huo wakaiteka kambi kubwa ya Ouadi Doum. Watu wakavipa vita hivyo jina la Vita vya Toyota, na jina hilo limebaki hata leo.

Habari hizo ni za kweli, na kila ofisa kijana huzisoma kwa hamu. Lakini tusisahau jambo moja. Pikapu zile zilishinda kwa sababu zilikuwa na mbio, zilikuwa nyepesi, na ziliongozwa na makamanda waliojua ardhi yao. Hazikuwa zimekwisha kubeba matofali kwa miaka 30. Anayenunua pikapu ya mwaka 1994 hanunui ushindi wa Ouadi Doum; ananunua chuma, raba na nyaya zenye umri wa mtu mzima. Sifa ya jina ni kama nishani iliyo kifuani mwa mzee: inaeleza alichokifanya zamani, haielezi kama leo magoti yake yanaweza kupanda mlima.

Zaidi ya hayo, sheria ya usalama barabarani iliyorekebishwa mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza Uganda motokaa iliyotimiza umri wa miaka 15 tangu kutengenezwa. Jirani zetu wa Kenya ni wakali zaidi; kikomo chao ni miaka 8. Maana yake ni kwamba pikapu za miaka ya 1990 tunazoziona njiani ni zile zile zilizokwisha kuingia nchini zamani, zikipita kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kila mwaka zinapungua, na zile nzuri huwa hazitoki mikononi mwa wenyewe. Basi mnunuzi na ajiulize: hii imefikaje sokoni?

LENGO KABLA YA SILAHA

Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kwamba kabla ya kutoa amri, ofisa sharti afanye tathmini ya hali: lengo ni lipi, ardhi ikoje, adui ana nini, sisi tuna nini, na njia zilizo wazi ni zipi. Mwalimu wetu alikuwa na desturi ya kumrudisha nyuma kila kadeti aliyeanza kusema habari za silaha kabla ya kusema lengo. Kosa hilo ndilo wanalolifanya wanunuzi wengi wa motokaa. Wanaanza na gari, kisha wanatafuta kazi ya kulipa.

Siku ya Jumamosi tulikaa na Sajini na mkewe chini ya mwembe, tukachukua kalamu. Kutoka shambani kwao hadi Kalerwe ni kilomita 60 hivi, yaani kilomita 120 kwenda na kurudi. Pikapu ya dizeli iliyopakiwa tani moja tuliikadiria kutumia lita 12 kwa kilomita 100, hivyo tukaandika lita 15 kwa safari nzima ili tusijidanganye. Kwa bei ya shilingi 5,000 kwa lita, mafuta ni shilingi 75,000. Gari la kukodi walikuwa wakililipa shilingi 150,000. Kwa hiyo kila safari ingewaachia shilingi 75,000.

Mama alisema wao wenyewe hupeleka mzigo mara mbili kwa wiki, ambazo ni safari 8 kwa mwezi. Mara 8 ni shilingi 600,000. Sajini akatabasamu. Tukamwambia asitabasamu bado. Tukatoa shilingi 250,000 za dereva, kwa sababu hata kama ataendesha mwenyewe, jasho lake nalo lina bei. Tukatoa shilingi 25,000 kwa kila safari, za kuweka akiba ya oili, matairi, breki, bima na matengenezo. Kwa safari 8 hizo ni shilingi 200,000. Kilichobaki ni shilingi 150,000 kwa mwezi.

Tukagawa milioni 18 kwa 150,000. Jibu lilikuwa miezi 120. Miaka kumi.

Palikuwa kimya chini ya mwembe. Mama ndiye aliyesema kwanza: "Kwa hiyo, afande, gari hilo litamaliza kujilipa likiwa na miaka arobaini?" Hakuna aliyemjibu, kwa maana swali lake lilikuwa limekwisha kujijibu lenyewe.

Hata hivyo hatukuishia hapo, maana tathmini isiyotafuta njia nyingine ni kukata tamaa tu. Tuliuliza: je, safari zikiwa 16, kwa kubeba pia mizigo ya majirani kwa bei ile ile ya kukodi? Hesabu ikawa shilingi 1,200,000, tukatoa 250,000 za dereva na 400,000 za akiba ya matengenezo. Zikabaki 550,000, na milioni 18 zingerudi kwa miezi 33, yaani chini ya miaka mitatu. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, ila idadi ya safari imebadilika, na uamuzi nao umebadilika kabisa. Basi swali la kweli halikuwa kama Hilux ni gari zuri. Swali lilikuwa kama majirani wangeleta mizigo yao.

KUKAGUA KAMA KUKAGUA BUNDUKI

Tulikwenda kuiona ile pikapu nyeupe pamoja na fundi mstaafu wa karakana ya jeshi, mzee ambaye mikono yake haijawahi kutakata oili tangu ujana wake. Alitufundisha mengi siku hiyo, na tunayaeleza hapa kwa ajili ya kila msomaji.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kuweka kiganja chake juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. "Mzee, kwani boneti ina nini?" tukamwuliza. Akasema kwamba injini ya dizeli iliyochoka huonyesha ugonjwa wake asubuhi, ikiwa baridi; muuzaji mjanja huipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Mwambie mapema kwamba utakuja kuiwasha wewe mwenyewe. Ukikuta imekwisha kuwashwa, rudi kesho.

Jambo la pili ni moshi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Huenda nozeli zimechakaa au kichujio cha hewa kimeziba, na hilo hutengenezeka. Moshi wa buluu maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto unaweza kuwa ni maji yanayoingia ndani ya silinda, na hiyo ni habari mbaya. Kisha, injini ikiwa inanguruma, alikifungua kifuniko cha kutilia oili. Moshi ulitoka kwa kupumua kwa nguvu kama mtu aliyekimbia. Mzee akasema ringi za pistoni zimekwisha.

Jambo la tatu ni maji na oili. Rejeta hufunguliwa injini ikiwa baridi tu. Ukiwasha na kuona mapovu yakipanda bila kukoma, au ukiichomoa fimbo ya oili na kuikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, fahamu kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi yenyewe imepasuka. Injini za dizeli za zamani za Hilux, zile za lita 2.4, 2.8 na 3.0, zina mkanda wa taimingi ambao hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Muulize muuzaji ulibadilishwa lini. Asipojua, hesabu kwamba haujabadilishwa, na uiondoe gharama yake katika bei. Mkanda ukikatika njiani, injini huharibika kwa dakika moja.

Jambo la nne, ambalo Mzee aliliita roho ya pikapu, ni chesisi. Alivua koti, akalala chini chali na nyundo ndogo, akawa anagonga chuma kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kama kengele; chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti iliyokufa. Kutu haiheshimu jina. Hata huko Marekani, mwaka 2016, kampuni ya Toyota yenyewe ilikubali kumaliza kesi kwa kulipia ukaguzi na ubadilishaji wa chesisi za pikapu zake zilizokuwa zikioza kwa kutu. Katika gari lililoletwa kutoka nchi ambazo barabara zake hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, kutu ni ya kutazamwa mara mbili. Nyuma ya kabini Mzee alikuta mahali palipochomelewa, pakafichwa kwa rangi nyeusi. Aidha alihesabu majani ya springi za nyuma, akakuta mawili yameongezwa. Gari lilikuwa limezoea kubeba kuliko uwezo wake, mpaka mgongo ukavunjika, ukaungwa.

Zipo dalili nyingine ambazo hata asiye fundi anaweza kuziona. Namba ya kilomita katika dashibodi hurudishwa nyuma kwa urahisi, lakini raba ya pedali ya klachi haisemi uongo. Gari linalodai kilomita 90,000 haliwezi kuwa na pedali iliyolika mpaka chuma. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye alama nzuri lakini lenye miaka kumi hupasuka bila kuaga. Na unapolijaribu gari barabarani, shuka nalo mteremko katika gia ya pili kisha ondoa mguu kwenye mafuta. Gia ikiruka yenyewe, giaboksi inataka kufunguliwa.

Neno moja zaidi kwa wale wanaotamani pikapu za miaka ya karibuni, zilizoanza kutoka mwaka 2004 na injini za dizeli zenye nozeli za kuendeshwa kwa umeme. Zina nguvu zaidi, lakini nozeli zake ni ghali na huchukia mafuta machafu au yenye maji. Fundi wa chini ya mti aliyeitengeneza Hilux ya baba yako huenda asiweze kuitengeneza hii bila mashine ya kupimia. Gari la zamani humsumbua mwenyewe mara nyingi kwa fedha ndogo ndogo. Gari la karibuni humsumbua mara chache, lakini kwa fedha nyingi. Chagua usumbufu ambao mfuko wako unaweza kuuvumilia.

KARATASI NAZO ZINA UZITO

Ndugu zetu wa polisi wanalijua jambo hili kuliko sisi. Namba ya chesisi iliyogongwa katika chuma chenyewe sharti ilingane, tarakimu kwa tarakimu, na ile iliyoandikwa katika kitabu cha umiliki. Kadhalika namba ya injini. Pale penye namba pakiwa pamesuguliwa kwa tupa, au herufi zikiwa hazikukaa katika mstari mmoja, hapo hapana biashara. Ofisi ya usajili wa magari ndiyo itakayokuambia mwenyewe ni nani, na kama gari limewekwa rehani kwa mkopo. Anayekuuzia awe ndiye aliyeandikwa, akiwa na kitambulisho chake cha taifa, au awe na hati halali ya kumwakilisha mwenyewe. Fedha zipite benki. Na umiliki uhamishwe kwa jina lako mara moja, si baada ya mavuno.

Wapo askari wanaofikiri kwamba gwanda litawapitisha katika vizuizi vya barabarani. Gwanda si bima. Sheria ya Uganda ya mwaka 1989 inamlazimisha kila mwenye motokaa kuwa na bima ya kuwalinda watu wengine, na haikumtoa mwenye cheo. Askari akinunua gari la wizi, hata kama hakujua, atalipoteza gari na fedha pamoja, na jina la kikosi chake litasomwa mahakamani.

Tunapaswa pia kusema habari za minada ya magari yaliyotolewa katika matumizi ya serikali. Wengi hudhani kwamba gari la serikali lilitunzwa vyema. Mengine ndiyo, mengine yaliendeshwa na madereva kumi tofauti, ambao hakuna hata mmoja aliyelipia springi zake. Mnadani huruhusiwi kulijaribu gari barabarani kama upendavyo. Basi bei yako ya juu iandike katika karatasi kabla ya kuingia, na kengele ikilia ukiwa umepitwa, nenda nyumbani. Joto la mnada limewamaliza watu wenye akili timamu.

KURUDI NYUMA SI KUSHINDWA

Tunarudi kwa Sajini. Fundi alipotoka chini ya ile pikapu, alijipangusa mikono na kusema maneno machache tu: "Sajini, rangi yake ni nzuri." Muuzaji akapunguza milioni moja, kisha mbili. Akakumbusha habari za yule mteja wa Jumatatu. Tulimtazama Sajini usoni, na tuliona vita vilivyokuwa ndani yake. Mbuzi alikuwa amefungwa. Wakwe walikuwa wakingoja. Kwa mtu aliyevaa cheo kwa miaka mingi, kurudi nyumbani mikono mitupu mbele ya wakwe ni jambo zito kuliko watu wanavyodhani.

Akamshukuru muuzaji, akaondoka. Njiani hakusema neno mpaka tulipofika Bombo. Hapo akasema, "Afande, zamani tulifundishwa kwamba kurudi nyuma kwa mpango si kushindwa. Lakini mwalimu hakuwahi kukutana na mama mkwe wangu." Tukacheka sote, na Mzee alicheka kuliko sisi.

Kwa msimu mzima uliofuata Sajini na mkewe waliendelea kukodi gari, lakini walinunua daftari. Kila mzigo waliuandika: tarehe, uzito, nauli. Waliwatembelea majirani, wakawauliza ni nani angeleta mzigo wake kwao. Kwa mdomo, ahadi zilifika safari 16 kwa mwezi. Katika daftari, zilipohesabiwa, zilikuwa 12. Tofauti hiyo ya safari nne ingemgharimu fedha nyingi kama angeamini mdomo.

Hatimaye, fedha zake zilipotoka, alinunua pikapu nyingine ya miaka ile ile ya 1990, iliyokuwa mali ya mkulima mmoja tangu ilipoingia nchini. Sura yake haikupendeza; rangi ilikuwa imepauka na mlango mmoja ulikuwa na kovu. Lakini iliwaka asubuhi ikiwa baridi, na chesisi yake ililia kama kengele kutoka mbele hadi nyuma. Bei ilikuwa milioni 13, na klachi na matairi mawili vikachukua milioni moja na nusu. Kwa safari 12, baada ya mafuta, dereva na akiba ya matengenezo, hubakiwa na shilingi 350,000 kwa mwezi. Gari litarudisha fedha zake kwa miezi 42 hivi. Si utajiri. Ni njia iliyo wazi. Na zile milioni tatu na nusu alizoziokoa kutoka katika bei ya lile gari jeupe alizirudisha katika akiba.

Mwezi wa pili altaneta iliharibika karibu na Wobulenzi, mananasi yakiwa juu ya gari. Sajini alitupigia simu, nasi tukadhani anataka kukopa. Hapana, alitaka tu kutuambia kwamba amekwisha kuilipia kutoka katika akiba, na kwamba mzigo ulifika Kalerwe kabla ya jua kutua. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekabidhi zamu salama.

TUFANYEJE?

Kwa hiyo, askari na polisi wenzetu, tunawaomba mshike mambo haya. Kwanza, lengo litangulie gari: andika safari, si ndoto. Pili, usitumie zaidi ya sehemu nne katika kila sehemu tano za fedha zako kununulia. Ile ya tano ni ya matengenezo, na itahitajika mapema kuliko unavyofikiri. Tatu, mlipe fundi wako mwenyewe, asiyepata chochote kwa muuzaji. Nne, karatasi zitazamwe kabla ya fedha kuhesabiwa. Tano, usikubali kuharakishwa. Mteja wa Jumatatu huwapo siku zote, na aghalabu hafiki.

Mkopo kutoka katika vyama vyetu vya akiba ni msaada mkubwa, lakini mkopo wa kununulia gari kuukuu ni mzigo juu ya mzigo: gari linapolala gereji, marejesho hayalali. Mwenye kukopa na akope kwa ajili ya kazi ambayo daftari limekwisha kuithibitisha.

Na ikiwa hesabu itakataa, iacheni pikapu, mkodi kama mlivyokuwa mkikodi. Hakuna aibu katika kukodi. Yule mbuzi wa Sajini hakuchinjwa siku ile. Alifunguliwa kamba akarudi malishoni, na gari lilipofika nyumbani hatimaye alikuwa amenenepa. Sisi tulikuwapo.